Jicho la Kushoto la Mwenyekiti

Elia mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Nimekuona jioni hii ukila ugali wa watu wawili, ukajipangusa mdomo kwa mkono kama mtu asiye na mama, halafu ukatoka kwenda kumuaga bibi yako. Na hali yangu unaijua pia. Nimekaa hapa mapokezi ya gesti yetu kwenye kiti chenye mguu mbovu, nasubiri wageni wa basi la jioni, na mbele yangu Mwenyekiti anazunguka tangini akiwa na jicho moja zima. Kwa hiyo tuingie kwenye habari.

Sitakuandikia mambo ya soksi. Sweta nimeliweka juu kabisa kwenye begi. Najua Mwanza kuna joto na utalibeba bure, lakini libebe, baridi ya alfajiri kabla hamjafika Singida haijali unaenda wapi. Hayo ndiyo maagizo yangu yote. Mengine utayakosea mwenyewe na kuyarekebisha mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu ya ulichosema Jumapili. Ulikuwa umeinama kwenye tangi, tochi ya simu mkononi, ukasema bila hata kugeuka, "Mama, chuo wanaruhusu mtu kuahirisha. Naweza kwenda mwakani."

Nikauliza kwa nini.

"Jicho la Mwenyekiti bado."

Nikajifanya nakwenda jikoni kuangalia sufuria. Sufuria ilikuwa tupu, Elia. Nilisimama pale nikiangalia chini ya sufuria tupu na kujiambia: huyu mtoto amepata nafasi ya kwenda kusomea afya ya samaki, na anataka kuiacha kwa sababu ya samaki. Nilitaka kucheka, ikashindikana. Niliporudi nikakuambia tutaongea. Hatukuongea. Wewe na mimi tukianza kuongea jambo kama hilo, mmoja anakumbuka kuni na mwingine anakumbuka ndoo. Ndiyo maana naandika.

Najua unachokiogopa. Unaogopa kumwacha mgonjwa mikononi mwa mama yako. Na una haki. Mimi ni muuguzi wa samaki ambaye wagonjwa wake walipona kila alipozuiwa kuwagusa.

Kumbuka tulivyoanza. Yule daktari mgeni alimaliza mkataba wake hospitali akawa anauza vitu vya ndani. Nilienda kununua pasi. Pasi ilikuwa imeshachukuliwa, friji imeshachukuliwa, limebaki tangi la kioo na samaki wa dhahabu ambao hakuna mtu aliyewataka, nami nikaona aibu kurudi mikono mitupu. Bibi yako, ambaye hajawahi kutia samaki mdomoni na mama yake vilevile, alisimama mlangoni akakataa kuingia. "Umeleta nyoka wenye mapezi ndani ya nyumba?" Baba yako aliporudi kutoka kwenye ng'ombe zake kijijini Dirma alilizunguka tangi taratibu, mikono mgongoni, kama anavyomzunguka fahali mnadani.

"Hawa wanakamuliwa wapi?"

Ulikuwa darasa la saba. Ukamwambia, "Baba, hawa ni wa kuangalia tu."

"Haya, chunga wako. Mimi nitachunga wangu."

Mtaa mzima ukasikia, nawe ukawa Mchunga Samaki kuanzia siku hiyo. Ulinuna. Halafu nikakuona jioni umekaa mbele ya tangi, kidevu juu ya magoti, unawaangalia jinsi baba yako anavyoangalia zizi: siyo kwa kuwapenda sana, ila kwa kuwahesabu, nani anakula, nani amejitenga, nani anaegemea upande. Huyo mkubwa mwenye tumbo ukampa jina Mwenyekiti, kwa sababu anasimama katikati, anafungua mdomo muda wote, na hakuna anachosema.

Wageni wetu waliwapenda kuliko nilivyotegemea. Mtu ameshuka kwenye basi amemleta mgonjwa, usingizi hauji, anakaa hapa anaangalia samaki. Sijui kama unamkumbuka yule mzee wa Dirma aliyemleta mkewe kufanyiwa upasuaji wa macho. Nilimsalimia, akaitikia marahaba bila kutoa macho kwenye kioo.

"Mama, huyu mnyama halali?"

"Analala, mzee. Ila hana kope, hawezi kufumba."

Akafikiri sana. "Hana kope! Basi mke wangu angezaliwa samaki, tusingefika huku." Maana shida ya mkewe ilikuwa kope zilizogeuka ndani zikawa zinakwaruza jicho. Akacheka mpaka akakohoa, na kesho yake akaja kumweleza Mwenyekiti kwamba mama ametoka salama.

Sasa uuguzi wangu. Mara ya kwanza, ulirudi kutoka shule ukanikuta na taulo mkononi. Macho ya samaki yalikuwa yameingia ukungu, kama kioo cha dirisha asubuhi ya Juni. Na huku kwetu, mtu akisikia jicho lina shida, mkono unakwenda wenyewe kwenye ile dawa ya tyubu. Kila nyumba inayo kwa ajili ya trakoma. Tumepakwa sisi, tumewapaka watoto wetu. Nikamwita Mama Neema, jirani, anishikie tochi.

"Mshike vizuri, anateleza," akaniambia.

"Ndiyo namshika!"

"Mshike kwa taulo. Haya. Sasa mwambie aangalie juu."

Ndivyo tunavyoambiwa sote tunapopakwa. Nami, Mungu anisamehe, nikamwinamia samaki nikamwambia, "Angalia juu, baba."

Nikawapaka wote. Ukaingia na daftari zako. "Shikamoo mama. Kuna nini juu ya maji?"

"Marahaba. Dawa."

Mafuta yalikuwa yametanda kama supu ya mkia. Hukunigombeza. Ninachokumbuka ni kwamba hukuangalia macho ya samaki hata kidogo. Ulikunja mkono wa shati, ukachota maji kiganjani, ukanusa.

"Mama, unasikia hii harufu?"

"Ni samaki. Samaki hunuka."

"Samaki mzima hanuki hivi. Ni chakula kinaozea chini." Ukaniuliza nani anawalisha. Nikasema mimi kidogo, Mama Neema kidogo, na wageni: chapati, biskuti, ugali. Ukafumba macho kama mtu anayesali. Kisha ukaniambia neno ambalo nimelirudia kwa watu wengi kama vile nimeligundua mimi: "Wote wana ukungu, na kila mmoja macho yote mawili. Wangekuwa wamejigonga, wote wangejigonga pande zote mbili? Hili siyo jambo la jicho, ni la maji."

Ulikuwa umesoma kwenye simu yangu, na ndiyo maana bando lilikuwa haliishi wiki. Ukaondoa mafuta kwa karatasi. Ukanionyesha taulo langu lilivyowakwangua ule utelezi wa mwilini, ambao ndio blanketi lao. Kila siku ukawa unatoa maji sehemu, unarudishia mengine yaliyolala kwenye ndoo ili dawa ya bomba itoke na baridi ilingane. Chakula, punje chache tu. Ukungu ukaondoka bila kupakwa chochote. Mimi nikawaambia wageni kwamba tyubu imefanya kazi. Ulinisikia ukanyamaza, na hiyo ni heshima ambayo sikuistahili.

Ungefikiri nilijifunza. Ulipokuwa kidato cha pili mwalimu wako aliniita akasema unanakili vibaya ubaoni, na darasani unachoka. Kunakili vibaya! Nikasema, hayo ni macho. Nikaenda mnadani nikakununulia miwani ya kuokota kwenye turubai, nikijaribu kila moja kwenye uso wangu kana kwamba tulizaliwa na macho mamoja. Ulionekana kama mchungaji mstaafu. Uliivaa kwa utii, kichwa kikauma, na madaftari hayakubadilika.

Siku moja nakuja kukutuma nikakuta umelala umekaa, paji la uso kwenye kioo cha tangi, na Mwenyekiti upande wa pili amekusimamia. Nilipokuita, uliinuka ukanyoosha mkono kuchukua ufunguo wa geti kabla hujafumbua macho. Kabla hujafumbua, Elia. Mkono ulikuwa unaijua kazi. Ndipo nikakumbuka kila mgeni aliyegonga, saa yoyote basi lilipomshusha, na sauti yangu toka kitandani: Elia, geti. Elia, chumba cha nyuma. Macho yako hayakuwa na kitu. Nilikuweka kwenye maji mabaya nikakununulia miwani.

Nikaweka mlinzi wa kufungua geti usiku. Nikatoa miwani begini mwako nikakwambia imepotea. Nilidhani nimekudanganya. Baadaye nikasikia unamwambia baba yako kwenye simu, "Mama ameficha miwani, asante Mungu."

Nakuambia haya siyo kwa sababu nataka unisamehe. Ulishasamehe, hata umeongezeka uzito. Nakuambia kwa sababu utakwenda kuwa mtaalamu, na watu watakuletea jicho. Kila mtu huleta jicho, kwa sababu ndilo linaloonekana na ndilo linalotisha. Mimi mpaka leo kitu kikivimba nataka kukipaka. Najikamata mkono ukiwa tayari kwenye kabati.

Na wakati mwingine sijikamati. Ulipokuwa bweni, kidato cha tano, na Mwenyekiti akawa anajikuna kwenye mawe, ulinipigia kwa simu ya matroni ukasema haraka haraka, "Mama, badilisha maji, weka chumvi kidogo, ile ya kawaida." Chumvi ya kawaida! Kwenye kona ya stoo kulikuwa na mfuko wa chumvi baba yako aliouleta kutoka Ziwa Balangida. Kwa mtu aliyeolewa kwenye ukoo wa wafugaji, hakuna chumvi ya kawaida kuliko hiyo. Ng'ombe wanailamba wanang'aa. Nikasema, kama inamfaa fahali, samaki atapata hata watoto.

Nikaweka gao zima, kiganja kilichojaa.

Ulipopiga tena nilikuwa nalia. Nikakueleza wako juu ya maji wanahema, wote macho yamekuwa meupe. Ukauliza chumvi gani. Nikakwambia. Nikamsikia matroni anakuuliza kama kuna msiba.

"Mama! Ile ni ya ng'ombe! Ina magadi!"

"Sasa na hawa si mifugo?"

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nadhani mtu akiwa amekosea sana hutafuta neno lolote la kujishikia. Ukaniongoza taratibu, sauti yako imetulia kuliko yangu: wahamishie kwenye beseni la maji yaliyolala, usiwashike kwa mkono mkavu, tumia bakuli, pampu ya hewa iingie humo, tangi lisafishwe, maji yarudi kidogo kidogo. Ukanieleza baadaye kwamba magadi huyafanya machafu yaliyo ndani ya maji kuwa sumu kali zaidi, na sumu inachoma kwanza vitu laini: mashavu yao ya kupumulia, na macho. Wadogo tuliwapoteza. Mwenyekiti alibaki. Hukusema neno la kuniumiza, hata baba yako alipokutumia ujumbe kwamba mama yako ametaka kunenepesha samaki kwa Krismasi.

Hao ndio wagonjwa wangu. Kwa hiyo Jumapili uliposema hutakwenda, sikuwa na hoja. Ningekuambia nini, niamini?

Ila tangu Jumapili nimefanya kazi ambayo hujui. Nataka nikutolee taarifa kama unavyotaka zitolewe, na wewe usome mpaka mwisho kabla hujakimbilia tangi.

Nilikutuma ukakate tiketi, na ulipotoka nilianza na maji. Nilinusa. Nikachovya kile kijikaratasi chako cha kupimia nikakilinganisha na rangi za kwenye kopo, nikasogea dirishani ili nisijidanganye. Safi. Nikaangalia chini: hakuna chakula. Kisha nikauliza, jicho moja au mawili? Moja, la kushoto. Na moja ni kujigonga mpaka tupate sababu nyingine, na sababu tunaijua: ni kile kigae cha chungu nilichomwekea kiwe nyumba yake, cha kupendeza, chenye ukingo kama wembe. Ulikitoa bila kuniangalia. Nashukuru kwa kutoniangalia.

Nikaangalia mwili. Magamba yamelala. Tumbo ni lile lile la uongozi, halijaongezeka. Hakuna kuvu kama pamba nyeupe popote. Jicho la kulia linang'aa. Uvimbe wa kushoto umekwisha kabisa. Ile chumvi ya Epsom, ya kushusha uvimbe, uliyomwogeshea kwenye ndoo imefanya kazi yake.

Halafu nikasogeza kidole kwenye kioo, upande wake wa kulia. Akashtuka, akarudi nyuma. Nikasogeza upande wa kushoto. Hakushtuka. Nikawasha tochi upande huo. Hakuna. Nikarudia siku iliyofuata, na jana, na leo mchana ukiwa unafua. Jicho lile limesinyaa, Elia. Ndani ni jeupe kama mbegu. Siyo ukungu wa juu unaosubiri kuondoka.

Halitarudi.

Na wewe unajua. Nimekuona ukimpitishia tochi upande huo na kuizima haraka. Nimekuona ukiandaa ndoo ya chumvi tena, wakati uvimbe umeshakwisha na ndoo haina kazi. Wewe uliyenifundisha kutokutibu kisichotibika kwa sababu tu mkono unataka kufanya kitu! Nilipoiona ile ndoo ndipo nilipokutambua kuwa ni mwanangu kweli.

Nilimwambia baba yako kwenye simu. Nilitegemea mzaha. Badala yake akasema, "Yule mweupe wangu hana jicho moja tangu ndama. Anakwenda lambo kunywa maji, anarudi. Mwambie mtoto asipoteze mwaka." Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Lakini anakula?"

Anakula. Ukimwekea chakula kulia anakidaka pale pale. Ukikiweka kushoto anapitiliza, anasimama, anageuka na mwili wote polepole kama mzee anayegeuka kwenye kiti kumsikiliza mtu wa nyuma, anakipata. Kwa hiyo namwekea kulia. Jiwe lenye ncha nalo nimeliondoa, kwa sababu likiwa upande wake wa kushoto hataliona tena. Haya nimeyawaza mwenyewe, hakuna aliyenipigia simu kutoka kwa matroni.

Hajapona, na hatapona kama ulivyokuwa unasubiri. Anaishi, na kwangu hivyo ni vitu viwili tofauti. Mimi nilichelewa kulijua hilo; nilidhani kila kitu lazima nikirudishe kilivyokuwa ndipo niruhusiwe kuondoka chumbani. Kwa hiyo nilibaki vyumbani vingi, nikipaka na kupaka. Kama unangoja huku nyumbani kuwe kumetengemaa ndipo upande basi, mguu wa hiki kiti ni mbovu, bibi yako anazeeka, mimi nina mgongo, baba yako anapenda ng'ombe kuliko paa la bati. Hutapanda basi lolote.

Ukifika huko, piga simu. Usiniulize jicho likoje. Niulize maji yakoje, nami nitakujibu ukweli, hata siku nitakapokuwa nimeyaharibu. Na nitayaharibu. Utanirekebisha kwa ile sauti yako ya kutulia, mimi nitajibu neno la kijinga, na matroni hatakuwepo wa kuuliza kama kuna msiba.

Nasikia honi ya basi barabarani, wageni wanakuja, na mlinzi sijui yuko wapi, kwa hiyo geti nafungua mwenyewe. Barua hii naiweka ndani ya sweta, kwa sababu najua utalitoa sweta ulifiche nyuma ya mlango usilibebe. Umeshikwa.

Asubuhi usije na tochi wala ndoo. Njoo na begi mgongoni, umuage Mwenyekiti. Simama upande wake wa kulia.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda kuliko nilivyowahi kukwambia kwa mdomo.